Baada ya Kung'olewa Jino: Hesabu Siku, Angalia Pua, Angalia Taya

SOMO LA AFYA YA KINYWA

Wengi wetu hapa kambini hufika kwa mganga wa meno siku ya mwisho kabisa. Jino limekwisha kuoza, ufizi umejaa usaha, shavu limevimba, na usiku hakuna usingizi. Jino likishatoka tunashukuru na kusema, "Yamekwisha." Mara nyingi ni kweli, yamekwisha. Lakini mara nyingine jino hutoka na ugonjwa ukabaki, au jino likitoka huacha njia iliyo wazi mahali pasipotakiwa.

Somo hili ni kwa ajili yako uliyeng'olewa jino, au unayemhudumia aliyeng'olewa. Lina neno moja kubwa: baada ya siku ya tatu, kila siku iwe na nafuu kuliko jana. Ikiwa leo ni mbaya kuliko jana, rudi kwa mganga. Usingoje, usifiche, wala usione haya.

1. MFANO WA MAMA MMOJA

Tuchukue mfano. Mama mmoja aling'olewa gego la juu, upande wa kulia. Gego hilo lilikuwa limemsumbua kwa usaha muda wa miezi miwili. Alirudi nyumbani akiwa ameuma kitambaa, akalala. Kesho yake asubuhi binti yake alimletea uji mwembamba. Mama alipokunywa, uji ulishuka puani, katika tundu la kulia. Alishtuka. Akajaribu tena kwa maji, na maji nayo yakatoka puani.

Jirani akamwambia, "Dada, hapo pana mkono wa mtu." Mume wake akasema, "Yule mganga amekutoboa mpaka kwenye ubongo." Mama akaogopa. Akaona haya kula mbele za watu, akanyamaza. Baada ya wiki tatu shavu lilikuwa linauma, akiinama kufua kichwa kinagonga, na puani mwake unatoka usaha wenye harufu mbaya. Kwenye foleni ya maji wenzake wakaanza kusimama mbali naye.

Je, mama huyu alilogwa? La. Ubongo wake ulitobolewa? La. Jambo lililompata linajulikana, nalo lina tiba. Lakini lingetibiwa kwa urahisi zaidi siku ile ya kwanza kuliko baada ya wiki tatu. Tuone sasa lilitokana na nini.

2. CHUMBA CHA HEWA NDANI YA SHAVU

Weka kidole chako chini ya jicho, juu ya mfupa wa shavu. Ndani ya mfupa huo, kila upande, pana uwazi kama chumba kidogo kisicho na kitu ila hewa. Waganga hukiita sainasi. Kwa mtu mzima chumba hicho huchukua kiasi cha mililita 15, yaani kama kijiko kimoja kikubwa cha chakula. Kina mlango mdogo unaofunguka ndani ya pua. Kamasi kidogo hutengenezwa humo na kutoka polepole kupitia mlango huo. Ukipata mafua makali mlango huziba, na ndiyo sababu shavu na paji la uso huwa mazito.

Sakafu ya chumba hiki iko juu ya magego ya taya la juu. Mizizi ya magego hayo hukaribia sana sakafu hiyo. Kwa watu wengine kati ya mzizi na chumba pana mfupa mwembamba kama karatasi, na kwa wengine hakuna mfupa, ila ngozi laini tu. Usaha ukikaa siku nyingi kwenye ncha ya mzizi, huula mfupa huo mwembamba. Kwa hiyo jino likitoka, sakafu inaweza kutoboka. Mdomo na chumba cha hewa vinaunganika, na kwa kuwa chumba kimeunganika na pua, uji unaoingia mdomoni unapata njia ya kutokea puani.

Hii si lazima iwe kosa la mganga. Inaweza kutokea hata mikononi mwa daktari hodari katika hospitali kubwa, kwa sababu mtu alizaliwa na mizizi iliyo karibu na chumba, au usaha ulikwisha kuila njia.

Jambo hili si geni. Mwaka 1651 daktari Mwingereza, Nathaniel Highmore, aliandika habari za chumba hiki cha shavu. Alieleza juu ya mwanamke aliyeng'olewa jino la juu, kisha majimaji yakawa yanatoka kwenye shimo la jino. Mwanamke huyo alichukua unyoya akauingiza shimoni, nao ukazama karibu wote. Aliogopa sana, akadhani umefika kwenye ubongo. Lakini unyoya ulikuwa ndani ya chumba cha hewa tu. Hofu ya mume wa mama wa mfano wetu, basi, ni hofu ya zamani sana. Tusimcheke. Lakini tusimwige yule mwanamke wa unyoya: usiingize kitu chochote katika shimo la jino, wala kijiti, wala pamba, wala kidole.

3. SIKU ZA KWANZA: KIPI NI CHA KAWAIDA?

Ili ujue ubaya, ujue kwanza uzuri. Hivi ndivyo shimo la jino linavyopona kwa watu wengi:

Siku ya kwanza. Damu hutoka kidogo, mate huwa mekundu kidogo. Uma kitambaa safi kwa nguvu muda wa dakika 30 bila kukitoa kuchungulia. Mdomo huwa na ganzi kwa saa chache kwa sababu ya sindano. Chunga usijiume mdomo, wala usinywe chai ya moto ganzi ikiwapo.

Siku ya pili na ya tatu. Shavu linaweza kuvimba kidogo na kuuma. Mdomo unaweza kuwa mzito kufunguka. Shimoni mnaonekana bonge la damu iliyoganda, jeusi au jekundu. Usiliondoe! Bonge hilo ndilo bandeji ya Mungu. Linafunika mfupa mpaka nyama mpya iote.

Siku ya nne mpaka ya saba. Uvimbe unapungua. Maumivu yanapungua. Unaanza kula vizuri.

Baada ya wiki mbili. Ufizi umefunga sehemu kubwa ya shimo. Mfupa wa ndani huchukua miezi kadhaa kujaa, lakini hauumi.

Ili shimo lipone hivyo, shika haya:

- Saa 24 za kwanza usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, usivute sigara, usinywe pombe.
- Usibebe dumu la maji la lita 20 wala mzigo wa kuni siku hiyo na kesho yake. Mwombe mtu akusaidie. Kazi nzito hurudisha damu.
- Kula vyakula laini vilivyopoa: uji, ndizi au viazi vilivyopondwa, maharage yaliyopondwa. Tafuna kwa upande mwingine.
- Baada ya saa 24, sukutua taratibu kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu mara 4 kwa siku, hasa baada ya kula. Nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi moja ya maji yaliyochemshwa yanatosha.
- Endelea kupiga mswaki meno mengine. Uchafu wa meno mengine huingia kwenye kidonda.

Damu ikirudi kutoka, kaa wima, kunja kitambaa safi, kiweke juu ya shimo na uume kwa nguvu dakika 30. Ikiwa bado inatoka kwa wingi, nenda kituoni.

4. MAJI AU HEWA IKIPITA PUANI

Baada ya kung'olewa gego la juu, angalia dalili hizi:

- Maji, chai au uji unatoka puani unapokunywa, mara nyingi tundu moja tu.
- Unasikia hewa ikipita au ikipiga mluzi katika shimo la jino unapovuta pumzi.
- Sauti yako imebadilika, unasema kama mtu mwenye mafua.
- Ladha mbaya ya chumvi au ya usaha mdomoni.
- Baada ya siku au wiki kadhaa: shavu linauma na kuwa zito, hasa ukiinama, tundu moja la pua linatoa usaha wenye harufu, jino jirani linauma ingawa ni zima.

Mafua ya kawaida hushika matundu yote mawili ya pua. Pua inayotoa usaha upande mmoja tu, upande ule ule wa jino, inataka kuangaliwa na mganga wa meno. Watu wengine hutibiwa mafua miezi mingi, kumbe chanzo ni jino.

Ukiona dalili hizi, rudi kituoni siku hiyo hiyo au kesho yake. Shimo dogo, lisilozidi milimita 2, yaani kama unene wa njiti ya kiberiti, mara nyingi hufunga lenyewe ikiwa bonge la damu halitasumbuliwa. Shimo kubwa zaidi linahitaji kushonwa: mganga huvuta ufizi na kulifunika. Kazi hii ni rahisi ikifanywa mapema, kabla usaha haujaingia katika chumba cha hewa. Ukichelewa, kwanza usaha usafishwe na kutibiwa, ndipo shimo lifungwe, na pengine kwa upasuaji wa hospitali. Pengine pia kipande cha mzizi kimesukumwa ndani ya chumba. Hicho huonekana kwa picha ya eksirei, nacho kinapaswa kutolewa.

Kwa muda wa wiki mbili, au kama mganga atakavyosema, shika miiko hii:

- USIPENGE KAMASI. Ifute tu inaposhuka.
- UKIPIGA CHAFYA, fungua mdomo. Usiizuie kwa kubana pua.
- USIPULIZE MOTO kwa mdomo. Huu ndio mwiko mgumu kwa akina mama. Wewe uliyeng'olewa jino usiiname jikoni kupuliza kuni. Pepea kwa kifuniko cha sufuria au kipande cha boksi, au mwachie mtu mwingine awashe.
- USINYWE KWA MRIJA, iwe soda au pombe ya mtama. Kuvuta kwa mdomo kunang'oa bonge la damu.
- USIVUTE SIGARA, WALA USINUSE UGORO. Moshi huchelewesha kidonda, na ugoro huleta chafya.
- USIPIGE TARUMBETA, FILIMBI WALA PEMBE. Ndugu wa kwaya na bendi, pumzikeni.
- USIJIPIME kwa kubana pua na kupuliza ili uone kama hewa inapita. Unaweza kuchana ngozi laini iliyokuwa inaanza kupona.

Sababu ya miiko yote hii ni moja. Ukipuliza au ukivuta, hewa husukuma kwa nguvu katika shimo, nayo nyama changa haiwezi kushika. Ni kama turubai ya nyumba siku ya upepo: hata ukiifunga vizuri, upepo ukiingia kwa chini huing'oa.

5. MATATIZO YA TAYA

(a) Shimo kavu

Hili ni tatizo la meno ya chini zaidi, hasa magego. Bonge la damu limetoka mapema au halikujijenga, na mfupa umebaki wazi. Maumivu makali huanza siku ya pili, ya tatu au ya nne, wakati ulipotegemea nafuu. Yanapanda mpaka sikioni. Mdomo unanuka. Ukitazama shimo, ni tupu, mfupa unaonekana. Kwa kawaida hakuna homa wala uvimbe mkubwa. Huwapata zaidi wavutao sigara na walioondolewa jino kwa shida.

Mganga ataosha shimo na kuweka dawa ndani, mara nyingi yenye mafuta ya karafuu. Maumivu hupungua haraka, na shimo hupona kwa muda wa wiki moja au mbili. Vidonge vya kuua vijidudu haviponyi shimo kavu. Kinachotakiwa ni kuoshwa na kuwekewa dawa.

(b) Taya kukaza

Mdomo kuwa mzito kufunguka kwa siku chache ni jambo la kawaida, hasa baada ya kung'olewa gego la nyuma. Misuli ya taya imechoka na imechomwa sindano. Fungua mdomo polepole mara kadhaa kwa siku, na unafuu utakuja. Lakini ikiwa mdomo unazidi kukaza kila siku, au kuna homa na uvimbe, usaha unajificha ndani. Rudi.

Na ikiwa taya linakaza, shingo na mgongo navyo vinakakamaa, na mwili unastuka kwa kelele au mguso, hiyo inaweza kuwa pepopunda. Inaua. Jino lililong'olewa na fundi wa mtaani kwa koleo au msumari usiochemshwa linaweza kufungua mlango wa pepopunda. Mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Uliza kituoni kama chanjo yako ya pepopunda imekamilika.

(c) Ugonjwa wa mfupa wa taya

Huu huja polepole, wiki au miezi baada ya jino kutoka, na mara nyingi katika taya la chini. Vijidudu vimeingia ndani ya mfupa na sehemu ya mfupa inakufa. Dalili zake ni hizi: maumivu ya ndani yasiyokwisha, meno ya jirani yanalegea, mdomo wa chini na kidevu vina ganzi, usaha unatoka mdomoni au umetoboa ngozi ya kidevu au shingo, pengine vipande vidogo vya mfupa vinatoka. Huwapata zaidi wenye mwili dhaifu: wasiokula vya kutosha, wenye kisukari, wenye selimundu, au wenye virusi vya UKIMWI wasiotumia dawa.

Watu wengi hupaka majani juu ya tundu la kidevu mwaka mzima. Halitapona kwa kupakwa kwa nje, kwa sababu chanzo kiko ndani ya mfupa. Mgonjwa anahitaji dawa za wiki nyingi na kuondolewa mfupa uliokufa. Mganga wa kituo ndiye atakayekuandikia rufaa ya hospitali. Ukipewa karatasi hiyo, itumie. Usiiweke chini ya mto.

6. HATARI! USINGOJE ASUBUHI

Dalili zifuatazo ni za dharura, iwe mchana au usiku:

- Uvimbe chini ya kidevu au chini ya ulimi, mgumu kama ubao, unaoinua ulimi juu.
- Kushindwa kumeza hata mate, mate yanadondoka.
- Kupumua kwa shida, au sauti kukwama kooni.
- Uvimbe unaoshuka shingoni au kuziba jicho.
- Homa kali pamoja na kutetemeka, kuchanganyikiwa au usingizi mzito.
- Damu isiyokoma baada ya kuuma kitambaa mara mbili, dakika 30 kila mara.

Usaha wa jino la chini unaweza kushuka chini ya ulimi na kuziba njia ya pumzi kwa saa chache. Mtu aliyekuwa anazungumza jioni anaweza kufa kabla ya jua kuchomoza. Mgonjwa huyo asilazwe chali. Mkalishe, aegemee mbele, na mwite kiongozi wa bloku akusaidie kupata gari la wagonjwa. Kila kaya ijue leo, kabla ya shida, nani anaitwa usiku na kwa njia gani. Muulize kiongozi wako wa bloku swali hilo wiki hii.

7. WATOTO: SI KILA UVIMBE WA TAYA NI JINO

Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, Uganda, aliandika juu ya uvimbe wa taya aliouona kwa watoto. Uvimbe huo ni aina ya saratani, na leo unaitwa kwa jina lake. Unapatikana zaidi katika sehemu zetu hizi zenye malaria nyingi. Taya la mtoto linavimba haraka, meno yanalegea yakiwa mazima, pengine jicho linasukumwa nje, na mtoto haumwi sana. Wazazi hudhani ni jipu la jino, wakamng'oa mtoto jino moja, la pili, la tatu. Uvimbe unazidi. Saratani hii inakua upesi, lakini nayo inasikia dawa vizuri ikianza kutibiwa mapema. Basi mtoto ambaye taya lake linazidi kuvimba baada ya jino kutolewa apelekwe hospitali. Asing'olewe jino lingine.

Pia mtazame mtoto mdogo aliyedhoofika, au aliyetoka kuugua surua, mwenye kidonda cha ufizi kinachonuka na shavu lililovimba. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa noma, ambao hula nyama ya uso kwa siku chache. Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa mwezi Desemba 2023. Ukiwahi siku za kwanza kabisa, dawa za kuua vijidudu, usafi wa kinywa na lishe vinaweza kuokoa uso wa mtoto na uhai wake.

8. DAWA: TUMIA, USICHEZEE

Kwa maumivu, mtu mzima anaweza kunywa vidonge 2 vya parasetamoli vya miligramu 500 kila baada ya saa 6. Visizidi vidonge 8 kwa saa 24. Mtoto apewe kipimo chake kama mganga alivyoandika. Usitumie aspirini baada ya kung'olewa jino, kwani inazuia damu kuganda. Usiweke kidonge cha aspirini juu ya ufizi, kinaunguza nyama. Maji ya betri, mafuta ya taa na msumari wa moto ni sumu na vidonda. Haviui mdudu wa jino, kwa maana hakuna mdudu huyo.

Ukiandikiwa dawa za kuua vijidudu, zimalize kama ulivyoambiwa, hata ukijisikia mzima siku ya pili. Usimgawie jirani nusu. Usinunue vidonge vya rangi mbili sokoni kwa kuhesabu rangi. Na ukipewa metronidazoli, usiguse pombe mpaka uimalize na siku mbili zaidi zipite.

Kabla ya kung'olewa jino, mwambie mganga kama una mimba, kisukari, ugonjwa wa moyo, kama damu yako hukawia kuganda, au kama dawa yoyote ilipata kukudhuru. Si aibu. Ni kumsaidia akusaidie.

9. NAMNA YA KUMWELEZA MGANGA

Turudi kwa mama wa mfano wetu. Binti yake alisomewa somo kama hili shuleni, akamshika mama mkono, wakaenda kituoni. Hawakuwa na maneno mengi:

"Karibu mama. Una shida gani?"

"Asante, daktari. Niling'olewa jino hapa, wiki tatu zimepita."

"Jino gani, mama?"

"La juu, la kulia, la nyuma. Kesho yake uji ulinitoka puani. Sasa unatoka usaha, na nikiinama shavu linauma."

"Umetumia dawa gani?"

"Parasetamoli tu. Na dada jirani alinipa vidonge vitatu vya rangi mbili."

"Umefanya vema kuniambia. Mama, hujalogwa, na ubongo wako hauna tundu. Tutasafisha usaha, kisha tutakupeleka hospitali wakufunge shimo."

"Kwa nini sikuja siku ile!"

"Umekuja leo. Tuanze na leo."

Ona mambo manne aliyoyasema mama: jino gani, siku ngapi, kimetokea nini, na dawa gani ametumia. Mambo hayo manne yanampa mganga nusu ya kazi yake. Yaandike kwenye karatasi, au mfundishe mtoto ayakumbuke.

10. MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini uji unaweza kutoka puani baada ya kung'olewa gego la juu? Mweleze mwenzako bila kutazama karatasi.

2. Baba mmoja aling'olewa gego la chini siku nne zilizopita. Jana maumivu yalikuwa madogo, leo ni makali mpaka sikioni, lakini hana homa. Ana tatizo gani? Je, anunue vidonge sokoni?

3. Katika nyumba yako nani hupuliza moto asubuhi? Akiwa ndiye aliyeng'olewa jino, nani atamshika mkono kwa wiki mbili?

4. Ni saa nane za usiku. Kaka yako amevimba chini ya ulimi na mate yanamdondoka. Utamlaza namna gani? Utamwita nani?

5. Mtoto wa jirani amekwisha kung'olewa meno mawili, na taya bado linakua. Utamwambia nini mama yake, kwa heshima, bila kumtisha?

NENO LA MWISHO

Ndugu msomaji, jino bovu ling'olewe, usiogope. Kuliacha likae na usaha ni hatari kubwa zaidi kuliko haya yote tuliyoyataja, na walio wengi hupona bila tatizo. Tunachoomba ni kwamba usiliache somo mlangoni mwa kituo. Hesabu siku. Angalia pua. Angalia taya. Leo ikiwa mbaya kuliko jana, rudi.

Ukimaliza kusoma karatasi hii usifungie mandazi. Msomee mama, shangazi au babu asiyejua kusoma, kisha impe jirani.